Mtu wa Nyumbani Hapigi Hodi

Kambini, ng'ambo ya Kagera
14 Machi 1916

Dada Mwanahalima binti Mgeni,

Shikamoo. Mimi mzima, na kama unaisoma barua hii basi na Bi Mwaja wa chumvi ni mzima, maana ameipitisha kapuni mbele ya pua za askari wa Mdachi. Mwanamke yule ana moyo! Mpe kanga, hata kama ni ya zamani.

Usilie tena kwamba nimepotea. Nilivuka kuuza ngozi, vita ikafunga mto nyuma yangu, nikabaki kwa Mwingereza. Kula nakula. Kazi yangu ni ukalimani: Bwana Kapteni anasema, nasema, mateka anasema, nasema. Jana mateka mmoja alisema mpaka damu ikamtoka masikioni, kwa kuwa kila akinyamaza sajini alimpiga kitako cha bunduki, nami nimesimama katikati. Kapteni akaniuliza, "Anasema nini sasa?" Nikamwambia, "Analia, Bwana." Usiku sikulala.

Lakini kinachonitesa kwenye kazi ni vineno vyao vidogo. Maneno makubwa ya Kiingereza nimeyameza yote. Vidogo ndivyo vinavyonikaba. Sisi tukisema "mtoni" tumemaliza. Wao wanataka kujua ni ndani ya maji, kando ya maji au kuelekea maji, na kila moja ina kineno chake. Viwili vinafanana kwangu kama mapacha: "to", kinachosomwa "tu", na "at". Kapteni alipochoka nami akaita mbwa. Akamrushia mkate: hiyo "to". Akamrushia jiwe, mbwa akabweka kwa uchungu: hiyo "at". Mkono ule ule, mbwa yule yule! Hata mtu akikujia, akija kwa heri ni "to", akija kwa shari ni "at". Sisi tunasema "alinijia", basi, msikilizaji ajijue.

Mwambie shemeji Zubeiri asivuke mto. Kila kinachoelea kinapigwa risasi, hata gogo.

Mdogo wako,
Hatibu bin Mgeni

*

Bugene, 27 Mfunguo Nane 1334

Kwako Hatibu, mkalimani wa wafalme,

Marahaba. Wewe hesabu kwa mwezi wa Kapteni, mimi nitahesabu kwa mwezi wa Mungu, tutakutana.

Hiyo "tu" yao mbona naijua? Ni ile ya "tumebaki sisi tu, na njaa tu, na Mungu tu." Nimemfundisha Bi Mwaja, sasa akipita anapunga mkono ananiambia "to", akimwona askari anang'ata meno anasema "at". Tumecheka mpaka nikasahau siku moja nzima.

Ya kuchekesha yameishia hapo. Askari wamechukua mbuzi wote wa mtaa huu. Mzee mmoja wa kule Kituntu alificha ng'ombe wake migombani. Wakamfunga kwenye mti wake mwenyewe wa kupigia nguo za magome, wakampiga viboko hadi mbavu zikaonekana, kisha wakamwacha hapo na amri kwamba asifunguliwe. Wanawe wakapita mbele yake kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Alikufa akiita maji.

Duka tupu. Zubeiri anasema lazima avuke akalete chumvi, la sivyo tutauza rafu. Nimemwambia maneno yako, ananijibu, "Nina Karugendo." Unamjua huyo mpiga makafi wa Kyerwa, mimi simjui hata sura, hajawahi kufika Bugene. Ninachojua ni kwamba mume wangu, mtoto wa Abdulghani, mtu wa sala tano, alikaa naye kwenye ngozi moja, wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka buni yake damu aliyochanja tumboni mwake na kumpa mwenzake ameze. Omukago wanauita, udugu wa damu! Damu! Nilimwambia hiyo haramu. Akasema, "Mke wangu, bila hiyo kahawa nisingevusha hata sindano. Sasa nina ndugu mtoni." Nikanuna siku nyingi. Ndugu gani wa kumezwa?

Anaondoka kesho kutwa. Mwombee.

Dada yako,
Mwanahalima

*

Bugene, 12 Mfunguo Tisa 1334

Hatibu,

Zubeiri amekufa. Ndugu yake wa damu kamuua.

Bi Mwaja ameona kwa macho yake. Alikuwa amejificha ukingoni na kapu lake. Mtumbwi ulikuwa katikati ya mto, bunduki zikalia, wote wawili wakaanguka majini. Zubeiri akaibuka kwenye mafunjo, anapiga mikono. Karugendo akaibuka nyuma yake, akamshika shingo, akamzamisha. Zubeiri akatoa kichwa. Akamzamisha tena, akamlalia juu kwa kifua chake chote. Bi Mwaja anasema alifunika uso kwa kanga. Alipotazama tena, Karugendo alikuwa peke yake anaogelea kuelekea ng'ambo, na mkononi ana mkanda wa Zubeiri, ule wenye mkoba. Mwili hatukuupata. Mto ule una mamba, huhitaji kuelezwa.

Nimekaa eda bila kaburi. Watu wanakuja kunipa pole na mimi sina hata udongo wa kuwaonyesha. Hatibu, najisikia kama nimemeza kaa la moto. Alimwamini mpaka akamla damu! Uko huko alikokimbilia Karugendo, kwenye jeshi lenye bunduki na kamba, na unasema nao kwa lugha yao. Sitaki maiti, sitaki fidia. Nataka shingo ya Karugendo. Ukishindwa hilo usiniite dada.

Mwanahalima

*

Kambini, 25 Aprili 1916

Dada yangu,

Pole, na pole, na pole. Nimekaa nyuma ya mahema nikamlilia shemeji kama mtoto mdogo. Ndiye aliyenifundisha kupima nguo kwa mkono bila kumpunja mtu wala kujipunja.

Sikiliza sasa. Karugendo tunaye. Doria ilimkamata kwenye mafunjo, yuko uchi, mkanda wa Zubeiri kaufunga kiunoni. Nilipouona mkanda ule sikungoja amri. Nilimpiga teke la kifua, nikamkalia, nikamshika koo, nikamwona macho yanavyogeuka. Sajini ndiye aliyenitoa. Karugendo hakuinua mkono hata mara moja. Anajua mimi ni nani, ananiita shemeji wa ndugu yake. Alitema damu kando, akasema, "Maliza, lakini kwanza nipeleke Bugene." Nikamtemea mate.

Kapteni anadhani ni mpelelezi wa Mdachi. Wapelelezi hapa hawakai. Wiki iliyopita walipigwa risasi wawili. Mmoja hakufa kwa risasi ya kwanza, akatambaa, ikabidi afuatwe. Nitaitwa nitafsiri, na sitampunguzia hata herufi. Subiri.

Hatibu

*

Bugene, 5 Rajabu 1334

Hatibu,

Asante. Usimwachie mtu mwingine. Ukiwapo, mtazame mpaka mwisho, unitazamie na mimi.

Huku Wadachi wanajiandaa kuhama, na kabla ya kuhama wanatuachia ruga-ruga wao. Hawana sare, hawana bwana, wana mikuki na pombe ya rubisi. Moshi unatoka Ihanda tangu juzi. Waliingia kwa jirani yangu, mke wa fundi cherehani, mchana kweupe, bila hodi, mlango wakausukuma kama ni wa zizi. Mumewe wakamchoma mkuki wa shingo akiwa amekaa. Yeye, sitaandika walivyomfanya. Amekuja kwangu usiku ule akiwa haongei, asubuhi tukamkuta kisimani amekufa.

Niko peke yangu. Nimetoa mchi kwenye kinu nimeuegemeza nyuma ya mlango. Ule wa mninga, unaukumbuka, ulioshinda mikono yako ulipokuwa mdogo. Atakayeingia kwangu bila hodi atanikuta.

Mwanahalima

*

Kambini, 17 Mei 1916

Dada Mwanahalima, shikamoo,

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Karugendo hakumuua Zubeiri. Tumemkamata askari wa Mdachi, mmoja wa waliokuwa ukingoni siku ile. Kapteni alimuuliza mimi nikitafsiri, na sajini hakuhitaji hata kumgusa, alijisifu mwenyewe. Alisema walimlenga mfanyabiashara wa kanzu nyeupe, wakampata shingoni akiwa bado mtumbwini. Walipoona kanzu inaelea mafunjoni wakataka kummalizia, lakini mpiga makafi akamficha chini ya maji, akamlalia yeye. "Tulipiga mgongo wa yule mwingine," akasema, "tukachoka." Nikakimbia nikamvua Karugendo kitambaa cha bega. Dada, mgongo wake una mashimo. Nilikuwa nimemkalia mtu huyo nikimkaba, na vidonda vile viko chini yake kwenye mawe.

Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akanijibu, "Uliniuliza?" Sikumuuliza. Bi Mwaja aliona kweli tupu na sisi tukaijaza wenyewe. Zubeiri alikatika roho mikononi mwake. Alimfungua mkanda ili akuletee wewe.

Kapteni amemwachia. Nilimwambia akae apone, amekataa. Anasema mke wa ndugu yake yuko peke yake na ruga-ruga wako barabarani, na kwao ndugu wa omukago aliyebaki hulala mlangoni pa mjane mpaka vita iishe. Angekuwa hapo tangu mwezi uliopita, ni sisi tuliomfunga. Nimempa barua hii mkononi mwake. Ameiweka kwenye ufito uliopasuliwa ncha, kama wabeba barua wafanyavyo, isilowe kwa jasho lake. Mkanda anao pia.

Neno moja, na ulishike sana: hatapiga hodi. Nimembembeleza, nimemweleza kwamba sisi watu wa pwani mlango bila hodi ni matusi, na kwamba uko edani. Ananisikiliza kwa heshima, kisha anasema nyumba ya ndugu yake ni nyumba yake, na ndugu wa damu akipiga hodi ni kama anatangaza kwamba udugu umekufa. Hawezi kuutangazia hivyo mlango wa Zubeiri. Kwa hiyo mlango ukisukumwa na mtu mrefu mwenye kovu kwenye kidevu, usiogope. Anakuja kwako kwa kile kineno cha mkate.

Mpikie chochote. Hajala vizuri, na ni kosa langu.

Hatibu

*

Bugene, 21 Rajabu 1334

Hatibu,

Barua yako imefika. Nimeisoma baada ya kuikausha jikoni, kwa kuwa ilikuwa na damu na maneno mengine yamefutika. Yanayotosha yamebaki.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, mvua inapiga. Sikusikia hatua. Mlango ukasukumwa tu, ukafunguka wote, na pale mbele ya mwanga akasimama mtu, tope hadi mapajani, bega limefungwa tambara, ameninyooshea kitu kirefu. Nikaona mkuki. Wallahi niliona mkuki, na ncha yake nyeupe. Nikaona kisima na mke wa fundi cherehani ndani yake. Sikukumbuka Mungu wala sheria. Nilishika mchi kwa mikono miwili nikampiga kichwani.

Akapiga magoti. Hakuangusha ule ufito. Akanitazama, akasema, "Mulamu." Shemeji! Nimekaa Karagwe tangu usichana wangu, kwa neno hilo naita na kuitwa kila siku sokoni. Nililisikia, nikalielewa, Hatibu, lakini mchi ulikuwa umeshapanda, mikono haikungoja masikio. Nikampiga tena. Fuvu likaitika. Nikampiga mara nyingine hata alipokuwa ameshalala, kwa hasira ya mwezi mzima, kwa ajili ya Zubeiri, hebu ona, kwa ajili ya Zubeiri!

Ndipo nikaona kovu la kidevu, ambalo halikuwa na maana kwangu. Ndipo nikaona mkanda. Nikafikiri nimepata nilichokuomba, Karugendo amekuja mwenyewe kunimaliza na mimi nimemwahi. Nilicheka. Nikaichukua barua kwenye ufito nikacheka, nikaanza kusoma.

Nimemwosha mwenyewe. Nimehesabu mashimo ya mgongo wake kwa vidole, na kila shimo lilikuwa la mume wangu. Watu wake wamekuja kumchukua, wamenitazama, hawakunigusa. Nilitamani wanipige.

Kitu kimoja nakuuliza, na unijibu. Uliniandikia nisiogope. Kwa nini ulimpa yeye barua?

Mwanahalima

*

Bugene, bomani, 29 Juni 1916

Dada,

Niko hatua chache kutoka mahabusu uliyofungiwa na sijaruhusiwa kukuona, naandika na kumpa mlinzi. Tumevuka. Mdachi ameondoka akichoma maghala nyuma yake. Umeniuliza kwa nini nilimpa yeye. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumtuma, na nilifikiri ukiiona karatasi utanijua mimi. Hilo ndilo nililofikiri, na sitalisahau mpaka nazikwa.

Kesho kutwa Kapteni atakaa baraza. Jumbe wa Kyerwa ameleta kesi, na Kapteni anapenda kuonyesha kwamba sheria imefika: kamba ameshaitundika uwanjani kwa ajili ya ruga-ruga watatu, nao wataanza. Utamwona kila mmoja akipiga miguu. Usitazame.

Kisha zamu yako. Mkalimani ni mimi. Utaulizwa ilikuwaje. Sema neno moja tu, "Alinijia," kisha unyamaze. Mengine niachie. Nitasema alikujia kwa kile kineno cha jiwe, na mwanamke mjane aliyejiwa hivyo na mwanamume mwenye ufito hanyongwi hata kwao Ulaya. Atakufungua papo hapo. Karugendo ameshakufa, halitamuuma.

Nisikilize safari hii.

Hatibu

*

Kyerwa, kando ya mto
10 Mfunguo Mosi 1334

Mdogo wangu Hatibu,

Wanasema ulivuliwa kofia yako ya ukalimani, ukalazwa chini uwanjani, ukachapwa viboko ishirini na tano kwa kutafsiri uongo, na sasa uko Bukoba unashona magunia. Mgongo wako unaendeleaje? Pakaa mafuta ya samli, usipakae chumvi hata kama nani atakushauri.

Najua una hasira nami. Ulijitoa uniokoe, nami nikakuumbua mbele ya jeshi zima. Lakini nilisimama pale, wale watatu bado wananing'inia, na mama yake Karugendo amekaa mbele yangu, kibibi kidogo, ameshika ule ufito wa barua. Nikasema, "Alinijia." Ukafungua kinywa. Kizungu sikijui, lakini kineno kile ulinifundisha wewe mwenyewe, wewe na mbwa wa Kapteni. Nilikisikia kikitoka: "at". Nikamwona Karugendo anageuka kuwa mwizi. Mwezi mzima nimemwita muuaji, alikuja na mkanda wa mume wangu na mashimo ya risasi mgongoni, nimempasua kichwa, na sasa niibe na jina lake mbele ya mama yake? Halitamuuma, ulisema. Linamuuma yule bibi, Hatibu. Linaniuma mimi. Kwa hiyo nikamwangalia Kapteni machoni nikasema kwa sauti, "No. To. To." Nikanyoosha mkono wangu kama yeye alivyonyoosha ufito, nikamwonyesha anatoa, hachomi.

Ulivyonitazama!

Uliondolewa kabla ya mwisho, kwa hiyo nakwambia. Karani mmoja Muganda ndiye aliyetafsiri baada yako. Kapteni alisema basi ni kamba. Akamuuliza mama yake Karugendo kama ana neno. Yule bibi akasimama kwa ule ufito. Akasema mwanawe na Zubeiri walimeza tunda moja, kwa hiyo Zubeiri alikuwa mwanawe, na mimi ni mke wa mwanawe. Akasema, "Nimepoteza watoto wawili kwa mto ule na kwa mlango ule. Mkinyonga na huyu, nani atanilimia?" Kapteni akauliza mara mbili kama karani amesikia sawa. Kisha akafuta uso akasema, mchukue.

Nimekuja naye kwa miguu. Tulipofika aliingia, mimi nikabaki nje. Mlango uko wazi, moto naona ndani. Nikaita hodi. Nikaita tena, kwa sauti ya chini. Nilisikia anachochea moto. Mvua ikaanza, nami bado niko pale nimeshika kitambaa changu cha eda, naita hodi, nalia, sijui nifanye nini na miguu yangu.

Mwishowe akatokea mlangoni, amekasirika. "Unampigia nani hodi?" akaniambia. "Mtu wa nyumbani hapigi hodi. Ingia, ndizi zinaungua."

Nikaingia. Nimelala pale alipokuwa akilala Karugendo.

Dada yako,
Mwanahalima